Simon Nkoli: mshtakiwa wa kesi ya uhaini aliyekataa kujigawa nusu kwa nusu

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Kila mada ya mashoga na wasagaji ikifunguliwa, haifiki mbali kabla mtu hajaandika kwamba Afrika Kusini walipewa zile haki na wazungu, wakazipokea bila kuelewa wanapokea nini. Nimeisoma kauli hiyo mara nyingi mno na kila mara inaniuma, kwa sababu inamfuta mtu mmoja ambaye ningependa ajulikane kama tunavyomjua Steve Biko au Chris Hani. Anaitwa Simon Tseko Nkoli. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Kwanza kuhusu maneno. Nitatumia "shoga" na "msagaji" kwa kuwa ndiyo yaliyo midomoni mwetu, lakini situmii kwa dharau. Na tukumbuke kuwa mwanamke wa Kiswahili akimwita mwenzake shoga, anamaanisha rafiki wa kufa na kuzikana.

Simon alizaliwa Soweto tarehe 26 Novemba 1957. Sehemu ya utoto wake aliishi kwa babu na bibi kwenye shamba la kaburu huko Free State, halafu akarudi kwa wazazi wake Sebokeng, kusini mwa Johannesburg. Kuna tukio la utotoni ambalo yeye mwenyewe alilisimulia baadaye. Wazazi wake hawakuwa na kibali cha kuishi pale walipokuwa. Polisi wa pasi walipokuja kukagua, mtoto Simon aliwafungia baba na mama ndani ya kabati la nguo, akatoka kuwaambia polisi hamna mtu. Alikua na picha hiyo kichwani: watu wazima, wazazi wake, wamejikunyata gizani kati ya nguo kwa sababu sheria imesema hawaruhusiwi kuwepo. Alipokuja kujitambua kuwa anapenda wanaume, alisema kabati ni lile lile. Mwafrika anafichwa na sheria za makaburu, shoga anafichwa na sheria na mila, na aliye vyote viwili hana makabati mawili. Analo moja.

Kijana alipowaeleza nyumbani, mama yake alimpeleka kwa waganga. Hilo halikumzuia kuingia kwenye siasa za wanafunzi, na akafika kuwa katibu wa COSAS, umoja wa wanafunzi, kwa jimbo la Transvaal. Wenzake walipojua habari zake waliitisha kikao kujadili kama shoga anafaa kuwa kiongozi. Wakapiga kura. Akabaki. Naomba hiyo kura mwiweke akilini: wanafunzi Waafrika wa vitongoji, miaka ya mwanzo ya themanini, katikati ya mapambano, wamekaa wenyewe na kuamua wenyewe.

Mwaka 1983 alijiunga na GASA, chama cha mashoga ambacho karibu wanachama wake wote walikuwa wazungu. Mikutano na starehe za chama zilifanyika mahali ambapo Mwafrika hakaribishwi. Mwaka 1984 akaanzisha kundi ndani ya chama hicho, wakakutana Jumamosi na kujiita Kundi la Jumamosi. Lilikuwa la mwanzo kabisa la aina yake kwa mashoga Waafrika nchini humo.

Mwaka huo huo, tarehe 3 Septemba, Sebokeng, Sharpeville na vitongoji vingine vya Vaal viliwaka moto kwa sababu ya kupandishwa kodi za nyumba. Watu wakauawa. Nkoli alikamatwa mwezi huo huo wakati wa mazishi ya waliouawa. Alikaa ndani muda mrefu bila kufunguliwa kesi, na mwishowe akaunganishwa na wenzake 21 katika mashtaka ya uhaini, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kitanzi. Kesi ilianza Delmas, mji mdogo mashariki mwa Johannesburg, ikajulikana kwa jina la mji huo. Washtakiwa wenzake walikuwa watu wazito wa UDF, mwungano wa vyama vilivyopinga ubaguzi wa rangi ndani ya nchi: Popo Molefe, Mosiuoa Lekota aliyeitwa "Terror" tangu enzi za kucheza mpira, Moss Chikane.

Humo gerezani yalizuka mabishano baada ya uhusiano wa wafungwa fulani kugundulika. Watu wakaanza kuongea kuhusu mashoga kama wanavyoongea watu wasiodhani kuwa shoga amekaa hapo hapo. Simon hakuweza kunyamaza. Akawaambia. Mnajua maana yake? Uko mahabusu, kesi ni ya kitanzi, upande wa mashtaka unatafuta ufa wowote wa kuupanua, na watu pekee ulionao duniani ni hao 21. Baadhi yao walikasirika, wakataka kesi yake itenganishwe kwa hofu kwamba atawachafua wote mbele ya jaji na mbele ya umma.

Haikutenganishwa. Walibishana wiki hadi wiki, wakapatana. Lekota alikuja kusema, miaka baadaye, kwamba yale yalikuwa darasa kwao. Baada ya kumwona Simon akiweka bega lake chini ya mzigo pamoja nao, wangewezaje kuandika katiba ambayo inambagua?

Nitaendelea na alivyotoka.

#2 Mchangiaji

Naweka kambi hapa. Delmas naijua kupitia Molefe na Lekota tu, ambao wote walikuja kuwa wakuu wa majimbo 1994. Huyu Nkoli sijawahi kusikia hata siku moja, na nilisoma historia mpaka chuo.

#4 Mchangiaji

Mkuu, nimesoma kwa heshima, na sikatai kwamba huyu bwana alipigania nchi yake. Ila hujajibu hoja. Kupigania nchi ni jambo moja. Ushoga wenyewe bado uliletwa. Wazee wetu hawakuwa nao. GASA umesema mwenyewe ilikuwa ya wazungu. Kwa hiyo alijifunza huko.

#5 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nashukuru kwa kuuliza kwa ustaarabu, ngoja nijibu moja kwa moja.

Alianza kujijua kabla hajaisikia GASA. Na GASA hiyo unayoitaja ilimtupa. Alipokuwa mahabusu kwa kesi ya kitanzi, chama chake cha mashoga kilisema hakijihusishi na siasa. Barua za kumtia moyo zilitoka kwa watu wa mbali wasiomfahamu. Msimamo huo uliigharimu GASA heshima yake kwenye shirikisho la kimataifa la mashoga, na haikuchukua muda ikasambaratika. Kwa hiyo wazungu waliokuwa karibu naye zaidi ndio waliomkana, na Waafrika waliokuwa naye seli moja ndio waliobishana naye hadi wakamkubali.

Sasa kuhusu kilicholetwa. Kilichokuja na meli Afrika Kusini ni sheria ya kuadhibu. Jinai ya ulawiti ilitoka kwenye sheria ya Kirumi na Kiholanzi iliyoshushwa Rasi ya Tumaini Jema na Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India. Mwaka 1735 walihukumiwa wanaume wawili waliokuwa wafungwa katika Kisiwa cha Robben. Mmoja alikuwa baharia Mholanzi, Rijkhaart Jacobsz. Mwingine alikuwa Mkhoikhoi, mwenyeji wa ardhi ile, ambaye makarani wa Kiholanzi walimwandika kwa jina la Claas Blank. Walizamishwa baharini wakiwa hai, karibu na kisiwa kile kile alichokuja kufungwa Mandela. Hata jina la huyo Mkhoikhoi, lile la kwao, hatunalo.

Makaburu walipochukua dola hawakuifuta sheria hiyo, waliizidisha. Januari 1966 polisi walivamia sherehe Forest Town, Johannesburg, ambako walikuta wanaume zaidi ya 300. Bunge likashtuka, na mwaka 1969 likapitisha kifungu cha 20A: mwanamume kufanya na mwenzake tendo lolote la kuchochea ashiki "kwenye sherehe" ni kosa, na sherehe ikafafanuliwa kuwa mahali popote penye watu zaidi ya wawili. Watu watatu chumbani ni sherehe. Serikali iliyowapima watu nywele kwa penseli ili kujua rangi yao ilikuwa na muda wa kuhesabu watu chumbani pia.

Kwa hiyo ukiniambia tuwafuate wazee wetu tuachane na ya wageni, mimi nakuonyesha sheria ya mgeni na kukuuliza tuanze na ipi.

#6 Mwanzisha uzi

Naendelea.

Wakati kesi ya Simon inaendelea, jambo lilitokea London. Mwaka 1987 Ruth Mompati, mwanamama shupavu wa uongozi wa ANC, aliulizwa na mwandishi kuhusu haki za mashoga. Akajibu kwamba hawana sera kuhusu hilo, kama wasivyo na sera kuhusu wauza maua. Kelele zikawa kubwa. Novemba mwaka huo Thabo Mbeki aliandika kutoka Lusaka kwamba ANC inapinga ubaguzi wa kila aina na kwamba haki hizo zimo ndani ya Afrika Kusini wanayoipigania. Hiyo barua ni fupi, lakini ndiyo mara ya kwanza chama kile kuweka neno lake kwenye karatasi. Na wanaharakati waliokuwa wakiisukuma ANC nje ya nchi walikuwa na hoja moja isiyojibika: mnaye mwenzenu kwenye kesi ya Delmas.

Simon alipata dhamana 1987, na Novemba 1988 akaachiwa huru. Lekota na Molefe walifungwa, mpaka Mahakama ya Rufani ilipofuta hukumu zao Desemba 1989. Mwaka huo wa 1988 Simon na wenzake, akiwamo binti mdogo wa Soweto aitwaye Beverley Ditsie, wakaunda GLOW, jumuiya ya mashoga na wasagaji wa eneo la Witwatersrand, ya watu wa rangi zote.

Tarehe 13 Oktoba 1990 wakaingia barabarani. Mandela ametoka jela miezi minane tu iliyopita, na sheria za ulawiti bado ziko vitabuni. Watu kama 800 waliandamana Johannesburg, maandamano ya kwanza ya namna hiyo katika bara letu. Wengine walivaa mifuko ya karatasi kichwani, imetobolewa macho, kwa hofu ya kufukuzwa kazi au nyumbani. Picha zake zipo. Mimi huwa siwezi kuzitazama haraka. Simon aliwaambia kwamba yeye ni mweusi na ni shoga, na hawezi kuzigawa sehemu hizo mbili, hii iwe vita ya kwanza na ile isubiri. Hawezi kuwa huru kama Mwafrika halafu asiwe huru kama shoga.

#9 Mchangiaji

Dada zenu tupo pia, mkuu. Umemtaja Beverley kwa mstari mmoja ukapita. Huyo binti, baada ya kuonekana kwenye televisheni siku zile za maandamano, alitishiwa na wanaume mtaani kwao hadi nyumba yao ikabidi ilindwe. Tafadhali mpe haki yake.

#10 Mwanzisha uzi

Dada, umenisahihisha vizuri na nakubali.

Beverley Palesa Ditsie alikuwa ndiyo kwanza anaingia utu uzima alipoandamana kwa uso wazi. Septemba 1995 alisimama Beijing, kwenye mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake, akawaambia wajumbe kwamba haki za wasagaji ni haki za wanawake, na haki za wanawake ni za binadamu wote. Alikuwa msagaji wa kwanza kujitambulisha waziwazi na kulitetea jambo hilo mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa wa namna ile. Maneno kuhusu mwelekeo wa kijinsia yaliondolewa kwenye azimio la mwisho. Lakini hotuba ilishatolewa, na aliyeitoa ni mtoto wa Soweto. Baadaye alitengeneza filamu kuhusu urafiki wake na Simon, na hakuficha kwamba waligombana pia, kwa sababu ndani ya harakati zenyewe wanawake walikuwa wakisukumwa nyuma.

#11 Mchangiaji

Swali la kisheria. Katiba ile inasema nini hasa? Nimekuwa nikisikia tu kwamba "inaruhusu".

#12 Mwanzisha uzi

Haisemi inaruhusu. Inasema serikali haitambagua mtu kwa misingi ifuatayo, halafu inaorodhesha: rangi, jinsia, ujauzito, kabila, umri, ulemavu, dini, lugha na mingine, na humo katikati umo mwelekeo wa kijinsia. Ni kifungu cha 9. Wala haikuingia kwa bahati. Edwin Cameron, wakili na mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Wits, Johannesburg, ambaye naye ni shoga, aliitetea hoja hiyo kwa hotuba na maandishi wakati wa mazungumzo ya katiba. Ikaingia kwenye katiba ya mpito iliyoanza kutumika 27 Aprili 1994, siku ya uchaguzi. Halafu ikabidi ilindwe isitolewe kwenye katiba ya kudumu, na kwa ajili hiyo uliundwa mwungano wa kitaifa wa vyama vya mashoga na wasagaji, Simon akiwamo. Mandela alitia saini Sharpeville tarehe 10 Desemba 1996. Hakuna nchi duniani iliyokuwa imeliweka jambo hilo kwenye katiba yake waziwazi kabla yao.

Na sasa angalieni nani alikuwa nani. Mawakili wa washtakiwa wa Delmas walikuwa pamoja na George Bizos, Arthur Chaskalson na Zak Yacoob. Mahakama ya Katiba ilipoanzishwa, rais wake wa kwanza alikuwa Chaskalson, yule yule aliyekaa mahakamani na Simon kama wakili wa utetezi. Yacoob naye akawa jaji hapo. Tarehe 9 Oktoba 1998 mahakama hiyo, bila jaji hata mmoja kupinga, ilifuta jinai ya ulawiti pamoja na kile kifungu cha 20A cha sherehe ya watu watatu. Jaji Laurie Ackermann ndiye aliyeandika hukumu. Jaji Albie Sachs akaongeza maoni yake, kwamba usawa si kulazimisha watu wafanane.

#14 Mchangiaji

Niliwahi kufanya kazi Johannesburg na niliitembelea hiyo mahakama. Imejengwa penye gereza la zamani, Old Fort, na matofali ya jengo la mahabusu wameyatumia kwenye kuta. Gandhi alifungwa pale, Mandela alifungwa pale. Nilisimama nikayagusa. Ila niwe mkweli kwenu: niliishi pia karibu na vitongoji, na yaliyoandikwa ndani ya ile mahakama hayakuwa yakifika mtaani. Wanawake walikuwa wanauawa. Mkuu usiuache huo upande.

#15 Mwanzisha uzi

Siuachi.

Zoliswa Nkonyana, miaka 19, aliuawa na kundi la vijana Khayelitsha, Cape Town, Februari 2006. Kesi iliahirishwa na kuahirishwa, na wauaji walihukumiwa mwaka 2012. Miaka sita. Eudy Simelane, aliyekuwa mchezaji wa timu ya taifa ya wanawake, Banyana Banyana, kocha, na aliyekuwa akisomea urefa, alibakwa na kuuawa KwaThema Aprili 2008. Wote wawili hawakuficha kuwa ni wasagaji, na wote wawili waliuawa jirani na kwao. Kuna wanaume wanaoamini kwamba kubaka ni "kumrekebisha" mwanamke. Hiyo katiba nzuri ilikuwepo siku zote hizo.

Mpiga picha Zanele Muholi, wa Umlazi, Durban, alianza mwaka 2006 kuwapiga picha wasagaji weusi na watu waliobadili jinsia, uso kwa uso, wakiwa wamevaa wanavyotaka na wanakutazama machoni. Kazi hiyo imeendelea kwa miaka mingi. Baadhi ya waliopigwa picha wamefariki. Ukiyaona yale macho ukutani unaelewa kwa nini yale maandamano ya mifuko ya karatasi hayakuwa mwisho wa jambo. Sheria dhidi ya uhalifu wa chuki ilisainiwa na Rais Ramaphosa Mei 2024 tu, miaka 16 baada ya Eudy.

#17 Mchangiaji

Assalaam alaykum. Mimi ni Muislamu na nimeguswa. Kuna Muhsin Hendricks, imamu wa Cape Town, aliyejitangaza kuwa shoga mwaka 1996 na kufungua mahali pa kuswali kwa Waislamu waliofukuzwa kwingine. Alipigwa risasi akiwa ndani ya gari, Gqeberha, tarehe 15 Februari 2025. Sikukubaliana na tafsiri zake nyingi za Qur'ani, nasema wazi. Lakini nilipoona watu wanafurahia mauaji ya mtu aliyekuwa akitoa salamu na kusujudu kama mimi, nililia. Allah amrehemu.

#18 Mwanzisha uzi

Wa alaykum salaam, ndugu. Amin. Ahsante kwa kuliandika hilo hadharani, najua si rahisi kwako.

#20 Mchangiaji (wa #4)

Mkuu, dini yangu bado inanipa msimamo wangu na sitaudanganya uzi. Ila hilo la Delmas limenikaa. Swali moja tu: huyo Nkoli aliiona hukumu ya mahakama? Alifaidi?

#21 Mwanzisha uzi

Aliiona, kwa wiki saba.

Simon aligundulika na VVU katikati ya miaka ya themanini, na alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini mwake kusema hadharani kuwa anaishi navyo. Alipotoka mahabusu alifanya kazi ya elimu ya ukimwi Soweto. Dawa za kufubaza virusi zilikuwepo duniani kufikia 1996, lakini bei yake haikugusika kwa watu wa kawaida. Hukumu ilitoka 9 Oktoba 1998. Alifariki 30 Novemba, siku nne baada ya kutimiza miaka 41, mkesha wa Siku ya Ukimwi Duniani.

Siku kumi baadaye, tarehe 10 Desemba, Zackie Achmat na wenzake walikaa kwenye ngazi za Kanisa Kuu la St George, Cape Town, wakifunga kula na kukusanya saini za kudai dawa. Hiyo ndiyo siku ilipozaliwa TAC, kampeni ya kudai matibabu ya ukimwi. Achmat, naye shoga, naye ana virusi, aligoma kumeza ARV mpaka zipatikane kwenye hospitali za umma. Mwaka 2002 Mandela alimfuata nyumbani akiwa hoi kumsihi anywe, na hakunywa mpaka mwaka uliofuata. TAC waliishtaki serikali na kushinda, na mamilioni ya watu wanaomeza dawa leo nchini humo, wengi wao wakiwa akina mama na watoto ambao hawana habari na haya mabishano yetu, wanazipata kwa sababu ya vita hiyo.

Kuhusu ndoa, tarehe 1 Desemba 2005 Mahakama ya Katiba iliwapa ushindi wanawake wawili, Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, na kulipatia Bunge mwaka mmoja kurekebisha sheria. Bunge lilipitisha kwa kura 230 dhidi ya 41, na Afrika Kusini ikawa nchi ya tano duniani kuruhusu ndoa hizo. Sheria ilianza kutumika tarehe 30 Novemba 2006. Simon siku hiyo alikuwa ametimiza miaka minane kaburini, kamili.

Barua alizoandika akiwa mahabusu kwa mpenzi wake zimehifadhiwa GALA, hifadhi ya kumbukumbu za mashoga na wasagaji, Johannesburg.